Kiboko wa Uvira na kazi isiyo na jina

Kwenye muji wa Uvira kuna saa moja ambayo haikuandikwa popote lakini kila mukaaji anaijua. Jua likianza kushuka nyuma ya milima ya Mitumba, wamama wanaofua nguo kando ya ziwa wanakusanya mabeseni yao, vijana wanaooga wanatoka majini, na mwenye mutoto anamwita kwa sauti ya nguvu. Kisha viboko wanapanda kutafuta majani. Wanapita katikati ya nyumba, wanaingia mashamba ya mihogo na ya mboga, na mutu aliyechelewa barabarani anaweza kukutana naye uso kwa uso. Kila mwaka tunasikia juu ya mutu aliyejeruhiwa ao aliyekufa. Wakaaji wanakasirika, kunaitishwa mukutano, na mvua ikinyesha habari inasahaulika.

Sasa vuka mupaka wa Kavimvira, pita Gatumba, na kabla ya kuingia Bujumbura utakuta Parki ya Rusizi, upande wa Burundi. Kule mugeni analipa, anapewa gidi, anapanda mashua, anapiga picha za kiboko, anarudi muji akanywe kitu baridi. Kiboko ni yule yule. Hana pasiporti, usiku anaweza kula Burundi na asubuhi akalala Kongo. Delta ile ya Rusizi iliwekwa kwenye orodha ya kimataifa ya Ramsar tangu 2002, njo kusema ardhi yenye maji ambayo dunia nzima inatambua kwamba iko na samani. Muto ni moja, ziwa ni moja, nyama ni moja. Upande mumoja kuna watu wanaolipwa kusimama kati ya mutu na nyama wa pori. Upande wetu kiboko na mutu wanaachwa wapatane wenyewe.

Habari hii tunaiandika juu ya kazi hiyo ya kusimama katikati. Marekani mutu anaisoma kwenye universite na kupata diploma: kusimamia pori la Leta pamoja na watu wanaokuja mule kutembea, kuvua, kulala kwenye hema, kupanda mulima. Kwetu haina hata jina lake. Tunasema tu « gadi », ao « konservateri » ikiwa mutu ana gari. Wengi wanafikiri ni kazi ya kubeba bunduki na kufukuza wawindaji. Bunduki iko, ndiyo. Lakini kama ingekuwa bunduki tupu, askari wangetosha.

Tuanzie mwanzo kidogo. Mfalme Albert wa Ubelgiji alitembelea Marekani mwaka 1919, akaona parki zao, na tarehe 21 Aprili 1925 ikaundwa parki iliyobeba jina lake, ya kwanza ya aina ile katika Afrika. Leo inaitwa Virunga. Mwaka 1934 ukoloni ukaunda taasisi ya parki za Kongo ya Wabelgiji. Chini ya Zaire, mwaka 1975, ikawa IZCN, na sasa ni ICCN, ambayo vijana wetu wanaiona kwenye mabega ya nguo za kijani. Wazee walipewa hadisi ya kwamba parki ni pori lisilo na mutu. Haikuwa kweli wakati ule na haiko kweli leo, na tutarudi hapo, maana sehemu kubwa ya taabu ya kazi hii inatoka kwenye hadisi hiyo.

Mufano ulio karibu nasi ni Kahuzi-Biega. Parki hii ilitangazwa tarehe 30 Novemba 1970, na Mubelgiji Adrien Deschryver njo aliyeianzisha. Yeye na wapisteri wake walifanya jambo ambalo wakati huo lilionekana kama wazimu: kufuata familia za sokwe wakubwa, gorila, siku kwa siku, mpaka nyama wale wakubali kuona mutu bila kukimbia wala kushambulia. Kazi hiyo inachukua myaka. Pisteri anaamka asubuhi, anarudi pale gorila walipolala jana, anahesabu vitanda vyao vya majani, anaangalia mavi, anafuata alama mpaka awafikie, anakaa, anaondoka. Kesho vilevile. Bila yeye hakuna mutalii atakayepanda kutoka Bukavu mpaka Tshivanga, maana hakuna atakachokiona isipokuwa majani na ukungu.

Halafu mugeni akifika, kazi inageuka. Hawazidi wanane kwa kundi moja. Hawakai zaidi ya saa moja. Mwenye kikohozi anabaki nyuma, na mdomo unafunikwa, kwani mafua yetu yanaweza kuua gorila. Gidi anapaswa kumwambia tajiri aliyelipa mamia ya dolari: « Baba, saa imeisha, turudi. » Anamwambia kwa heshima lakini bila kuyumba. Tuliozaliwa huku tunajua ginsi ilivyo nguvu kumwambia mugeni mwenye pesa « hapana ». Kwa mawazo yetu hapo njo penye ufundi wenyewe wa kazi hii, zaidi ya kuteremka na kupanda milima.

Mutu mumoja anaonyesha vizuri mwendo wa kazi hii toka chini. John Kahekwa alifanya kazi ya gidi wa gorila huko Kahuzi-Biega tangu myaka ya 1980. Aliona kwamba wawindaji waliokamatwa hawakuwa wezi wa kuzaliwa, walikuwa watu wenye njaa wanaokaa mulangoni mwa parki na hawapati hata sumuni kutoka kwa watalii wanaopita. Mwaka 1992 akaanzisha shirika la Pole Pole. Wawindaji wa zamani walifundishwa kuchonga sanamu, wake zao kushona, watoto wakajengewa shule, miti ikapandwa ili watu wapate kuni bila kuingia parki. Mwaka 2016 alipewa tuzo ya Tusk, na mwaka 2021 shirika lake likafika hatua ya mwisho ya mashindano ya Earthshot. Alianza na vidokezo vya watalii na miguu yake mwenyewe.

Mwingine ni Rodrigue Katembo. Utotoni alichukuliwa kuwa askari. Akatoka, akasoma, akaingia ICCN, akapanda mpaka kusimamia sehemu ya katikati ya Virunga. Wakati kampuni moja ilipotafuta petroli ndani ya parki, alikataa pesa za kumunyamazisha, akarekodi kwa siri ginsi zilivyotolewa. Mwaka 2013 alikamatwa, akafungwa, akateswa. Baadaye alitumwa kuongoza Upemba, kule Katanga, na mwaka 2017 akapewa tuzo ya Goldman. Tunamutaja kwa sababu vijana wanafikiri hatari ya kazi hii ni risasi tu. Mara nyingine hatari inakuja na bahasha na tabasamu.

Risasi nazo ziko, tusidanganyane. Virunga imezika walinzi zaidi ya 200. Tarehe 24 Aprili 2020, karibu na Rumangabo, shambulio moja liliua walinzi 12, dereva wao na raia wanne. Myaka miwili mbele, mwezi wa Mai 2018, Rachel Masika Baraka, mulinzi wa kike wa myaka 25, aliuawa akisindikiza watalii wawili Waingereza ambao walitekwa na kuachiliwa siku mbili baadaye. Parki ikafunga milango kwa wageni mpaka Februari 2019. Ikafunguliwa. Mwezi wa Machi 2020 ikafungwa tena juu ya Covid. Tarehe 22 Mai 2021 Nyiragongo ikalipuka, na ule mulima wa metre 3.470, ambao wageni walikuwa wanalala juu yake kwenye vibanda na kuangalia moto, ukawa si pahali pa kutembea tena.

Kwa hiyo mutu akituuliza konservateri anafanya nini, jibu moja ni hili: anaamua siku ya kufunga. Kufungua ni raisi, hata muuza bia anaweza kufungua. Kufunga njia wakati hoteli zinalia, magidi hawana mushahara na wakubwa wa Kinshasa wanataka takwimu za watalii, hilo linaomba mutu.

Turudi sasa kwenye ile hadisi ya pori lisilo na mutu. Mwaka 1975 Kahuzi-Biega ilipanuliwa toka kilometa mraba 600 hivi mpaka 6.000. Vijiji vilijikuta ndani ya mupaka bila kuulizwa. Wambuti, ambao wengine wanaita Watwa, waliokaa katika pori lile kabla ya yeyote kati yetu, walifukuzwa katika myaka ile ya 1970. Hawakupewa ardhi nyingine. Mwaka 2018 baadhi yao wakarudi kwa nguvu, na yaliyofuata kati yao na walinzi yalileta vifo upande huu na upande ule, miti ikakatwa, makaa yakachomwa. Mwezi wa Julai 2024 ikatangazwa hukumu ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu: Leta ya Kongo ilivunja haki za Watwa wa Kahuzi-Biega. Konservateri kijana anayeanza leo anarithi deni hilo. Hawezi kusema « halikuwa langu ». Akifika kijijini, watu hawaoni yeye, wanaona nguo ya kijani.

Itombwe inafundisha njia nyingine, na Itombwe ni yetu kabisa: ukisimama Uvira ukatazama juu ya milima, unatazama upande wake. Hifadhi hii ilitangazwa mwaka 2006, ikigusa territware za Mwenga, Fizi, Uvira na Shabunda. Lakini karatasi ya 2006 haikuwa na mipaka inayojulikana na wenyeji, na wenyeji walikataa. Ikachukua myaka kumi ya mikutano, kijiji kwa kijiji, mashefu na wazee wakionyesha mashamba yao, makaburi yao, pahali pa kuwindia, mpaka mwaka 2016 mipaka ikatangazwa: karibu kilometa mraba 5.700, na ndani yake sehemu za kulindwa kabisa na sehemu ambazo watu wanaendelea kulima na kuokota. Myaka kumi ya kukaa kwenye viti vya mbao na kusikiliza! Watu wa hesabu watasema ni kupoteza wakati. Sisi tunaona ni sehemu ya kazi iliyofanyika vizuri kuliko nyingi, hata kama bado Itombwe iko na machimbo ya zahabu, mifugo na vikundi vya silaha vinavyozuia mutu kutembea kwa amani.

Na mule ndani kuna mali. Gorila wa aina yetu, anayeishi katika Kongo ya mashariki peke yake, yuko mule. Kuna hata bundi mumoja ambaye wenye elimu walimujua kwa ngozi moja tu iliyopatikana mwaka 1951. Ilipaswa kungojea mpaka mwaka 1996 ndipo mwingine akashikwa akiwa hai, katika pori hilohilo, akaachiliwa. Kuna watu katika Ulaya ambao wangeuza gari yao ili wamuone bundi huyo usiku mumoja. Tunacheka, lakini ni kweli: wapenda ndege ni watalii wasiolalamika, wanaamka saa kumi za usiku, wanakula chochote, na wanalipa.

Vijana wa Uvira wanatuuliza mara kwa mara: masomo hayo yanapatikana wapi? Shule ya Garoua, katika Kamerun, inafundisha kwa Kifaransa tangu 1970, na makonservateri wengi wa Kongo wamepita pale. Mweka, chini ya Kilimanjaro katika Tanzania, ilifunguliwa mwaka 1963. Inafundisha kwa Kiingereza, na hapo njo wengi wetu tunagonga ukuta, ijapokuwa nje ya darasa utasikia Kiswahili siku nzima. Kinshasa kuna ERAIFT, tangu 1999, kwa aliyekwisha maliza universite. Karibu zaidi kuna Universite Officielle ya Bukavu kwa biolojia. Na hapa hapa kwetu kuna Kituo cha Uchunguzi wa Mambo ya Maji, CRH, chenye kulichunguza ziwa tangu wakati wa wakoloni. Wanafunzi wengi wa muji wanapita mbele ya mulango wake bila kujua kwamba mule kuna watu wanaoweza kuwaambia kwa nini ndagala na mikeke vinapungua. Asiye na diploma kubwa anaweza kuingia kama gadi ao pisteri. Lakini ajue: atafundishwa kama askari kwa myezi, atakaa mbali na jamaa, na mushahara wa Leta ni mudogo na unachelewa. Pale unapokuwa muzuri, mara nyingi ni mashirika ya inje yanayojaza. Fedha za inje zikikatika, gadi anabaki na bunduki na njaa, na tayari tumesema njaa inafanya nini kwenye mupaka wa parki.

Jirani walitafuta dawa yake. Uganda sheria inatoa asilimia 20 ya pesa za mulangoni kwa watu wanaozunguka parki. Rwanda ilianza na asilimia 5 mwaka 2005, leo ni 10. Si nyingi, na hata kule watu wanalalamika kwamba zinapita mikononi mwa wakubwa. Lakini mulimaji ambaye tembo amekanyaga mahindi yake anajua kuna mulango fulani wa kugonga. Uvira, mama ambaye kiboko amekula muhogo wake anagonga mulango gani?

Hapo njo tunafikia ufuko wetu. Kwa sheria ya mwaka 1973 udongo ni wa Leta. Ziwa ni la Leta. Maana yake ufuko ule ambao watu wanaoga, wanafua, wanavua, wanapiga mupira siku ya Mungu na kupeleka wachumba wao, ni ardhi ya watu wote, sawa vile parki. Haina mulinzi, haina kibao kimoja chenye kuonyesha njia ya viboko, haina pahali palipotengwa pa kuogelea. Mwaka 2020 na tena 2024 ziwa lilipanda, likafunika nyumba nyingi, likafikia Kalundu. Viboko na mamba wakasogea pamoja na maji. Na maji yaliposhuka, watu wakarudi kujenga pale pale, wengine juu ya njia ambazo nyama hawa wanazitumia tangu babu zetu.

Kiboko si nyama wa kuwinda mutu. Muchana anakaa majini juu ya ngozi yake inayoungua kwa jua. Usiku anakula majani, pengine kilo 40, na anarudi kwa njia ile ile. Anaua pale anapoona mutu amesimama kati yake na maji. Mwenye kujua jambo hilo moja anaweza kuokoa maisha: acha njia wazi, usipite na taa usoni mwake, usijenge kwenye mulango wake. Kufundisha hilo shuleni na kanisani, kuweka vibao, kufunga baazi ya sehemu saa kumi na mbili za jioni, kutafuta majani mbali na mashamba, ni kazi ya siku zote, na ni kazi ile ile wanayofanya kule Rusizi na kule Yellowstone. Pesa ya mutalii itakuja nyuma yake, ama haitakuja. Vita ikiwa bado inazunguka muji, tusiahidi watu utalii.

Wengine wanasema: waueni wote, tupumuzike. Tunaelewa uchungu wao, hasa wa waliozika. Lakini tuangalie ziwa Edward. Katika myaka ya 1970 parki ya Virunga, pamoja na ziwa hilo, ilikuwa na viboko karibu 30.000, pengine hakuna pahali pengine duniani penye wengi vile. Askari na wanamugambo wakala nyama yao myaka na myaka, na mwaka 2005 walibaki chini ya elfu moja. Mavi ya kiboko ni chakula cha vidudu ambavyo samaki wadogo wanakula, na wavuvi wa Vitshumbi wameeleza mara nyingi kwamba nyavu zao zilikuwa nyepesi zaidi kadiri viboko walivyopungua. Uvuvi wa kupita kiasi nao umo, si kiboko peke yake. Lakini Uvira, ambayo mwaka 2024 iliingia pamoja na inchi zingine za ziwa katika kufunga uvuvi kwa myezi mitatu ili samaki wazae, ingefaa kufikiri mara mbili kabla ya kuondoa mwenye kulisha samaki hao bila mushahara.

Kazi ya kwanza haiombi dolari nyingi. Inaomba karta ya ufuko toka Kavimvira mpaka Kalundu, yenye kuonyesha kila njia ambayo kiboko anapandia na kila nyumba iliyojengwa juu yake, na mutu wa kuitunza mwezi kwa mwezi. Wanafunzi wa biolojia wanaweza kuichora wakati wa likizo, wakisindikizwa na wavuvi wa usiku, ambao njia hizo wanazijua moja moja.